Lita Sita, Kibumba

Nyumbani kwetu Taita, jina la Gahini nililisikia kabla sijalisikia jina la Nairobi. Nyanya yangu hakuwahi kufika Rwanda. Akiulizwa iko wapi alinyoosha mkono upande wa machweo, basi. Lakini alijua kwamba huko Gahini kuna hospitali ya misheni kando ya ziwa, kwamba wauguzi na wapishi wa hospitali hiyo walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulia na kutubu, na kwamba kilio chao kilivuka mipaka mpaka kikamkuta yeye shambani, mama yangu akiwa mgongoni.

Alikuwa ndugu wa Uamsho. Wanaojua maana ya maneno hayo wanazidi kupungua, kwa hiyo nieleze kidogo. Walikutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao, hapana mimbari, hapana kola ya kasisi, na kila mtu alisema alichokifanya. Haikutosha kusema "nimekosa" kisha ukakaa. Ulitaja kitu chenyewe na jina la uliyemkosea: nilimpunja mama fulani maharagwe kikombe kimoja, sokoni, Jumamosi, nimemrudishia jana. Nyanya aliwahi kutembea nusu siku kwenda kurudisha sufuria aliyoiazima akakaa nayo makusudi mpaka mwenyewe akaisahau. Wakimaliza waliimba Tukutendereza, kwa Kiganda, ingawa hakuna aliyejua neno jingine lolote la Kiganda. Sisi watoto tulikaa nje chini ya dirisha tukisikiliza makosa ya watu wazima. Ilikuwa burudani kuliko redio.

Habari za Gahini nilikuja kuzisoma ukubwani. Daktari Joe Church, Mwingereza wa shirika la misheni la CMS, alifika pale mwaka 1928. Mwaka 1929 alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia pamoja, na kila mmoja akaondoka na moto wake. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifundisha Gahini na akafariki mwaka 1936 angali kijana. Mwaka 1937 kikundi kutoka huko kilikuja Kabete, huku Kenya. Mwaka 1939 wakafika Katoke, upande wa Bukoba. Kuna jambo moja sikulikuta katika vitabu vya ndugu, nikalikuta kwingine: miaka hiyohiyo ya 30, wakati watu wa Gahini wanarudisha walivyoiba, utawala wa Kibelgiji ulikuwa unawaandikia Wanyarwanda vitambulisho vyenye neno Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mambo hayo mawili yalikua pamoja katika nchi moja ndogo.

Mimi nikawa muuguzi. Hakuna aliyenishurutisha, ila katika nyumba ile mhubiri asiyejua kufunga kidonda alihesabiwa kuwa nusu mhubiri.

Mwaka 1994 nilikuwa Nairobi, wodi ya watoto. Mauaji ya Watutsi nchini Rwanda yalianza tarehe 7 Aprili. Mwezi wa Mei tulisikia kwamba Mto Kagera unashusha maiti hadi Ziwa Viktoria, na kwamba upande wa Uganda wavuvi wameacha nyavu wanazika watu wasiowajua. Juni ikaja na Kombe la Dunia kule Marekani, na zamu ya usiku ilikuwa na wagonjwa na mpira kwa pamoja. Kanisani tuliiombea Rwanda amani. Maombi yalikuwa mafupi na hayakutaja mtu.

Kisha zikaanza kuja habari za makanisa. Ntarama. Nyamata. Nyange, ambako jengo lilibomolewa kwa tingatinga watu wakiwa ndani. Watu hao hawakukosea njia; katika machafuko ya miaka ya nyuma kanisa liliwahi kuwa kimbilio, na aliyefika madhabahuni alipona. Safari hii waliowaua walijua wapi pa kuwatafuta. Wengi walikuwa wa parokia hiyohiyo, waliobatizwa katika kisima kilekile.

Nilipiga simu kwa jirani aliyekuwa na simu kule Taita, nikaomba kuongea na nyanya. Alikuwa karibu na miaka 80. Akauliza, "Ndugu wa Gahini je?" Sikuwa na jibu. Siku chache baadaye kikundi cha madaktari na wauguzi wa makanisa ya Nairobi kikatafuta watu wa kwenda Goma, nikaandikisha jina. Watu walidhani ni ujasiri. Nilikuwa na swali la bibi mzee mfukoni, hilo tu.

Goma wakati ule ilikuwa Zaire ya Mobutu. Kati ya tarehe 14 na 18 Julai, jeshi la waasi la RPF lilipokaribia Gisenyi upande wa Rwanda, watu kati ya laki 5 na laki 8 walivuka mpaka wakaingia katika mji uliokuwa hauna maji ya kuwatosha wenyeji wake. Tarehe 20 kipindupindu kikathibitishwa. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi mno kwa kuendesha. Nimeishi na tarakimu hiyo miaka mingi na bado haiingii kichwani. Iliyoingia ni ile ya mikeka. Kuanzia uwanja wa ndege kuelekea kaskazini, maiti walilazwa kandokando ya barabara wamefungwa mikeka ya kulalia, kamba juu na kamba chini, na dereva wetu aliendesha polepole asikanyage miguu iliyotokeza.

Hawakuzikwa kwa sababu ardhi ilikataa. Goma yote imekaa juu ya zaha, mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, na jembe likigonga pale linarudi na cheche. Huwezi kuchimba kaburi, huwezi kuchimba choo. Vyoo vilivyokosekana ndivyo vilivyojaza mikeka. Askari wa Kifaransa walichimba makaburi ya halaiki kwa matingatinga, nikaitazama mashine ile nikikumbuka Nyange. Usiku kilele cha mlima kilikuwa chekundu. Wenyeji hawakukijali, walikuwa wamekizoea.

Tulipelekwa Kibumba, kilomita kama 27 kaskazini. Kibumba ni juu, kuna baridi, na wakati ule hapakuwa na chanzo cha maji hata kimoja cha maana. Maji yalikuja kwa malori kutoka Ziwa Kivu, pale ambapo Wamarekani walikuja kuweka mitambo ya kuyasafisha. Lori likichelewa, watu walikufa wakati wanalisubiri. Ninaandika hivi bila kupamba kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: unasikia injini ya lori kwa mbali, na aliyelala karibu nawe haisikii tena.

Hema letu lilikuwa la turubai la buluu, sakafu ni mawe, na kamba zimepitishwa kutoka mlingoti hadi mlingoti za kuning'inizia chupa. Vitanda vilikuwa vichache, vile vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini. Wengi walilala chini. Wasiokijua kipindupindu hudhani ni tumbo tu. Ni kukaushwa. Mtu mzima anaweza kupoteza lita moja kwa saa, maji meupe kama ya kuoshea mchele, bila homa, bila kelele. Macho yanazama. Ngozi ya tumbo ukiibana kwa vidole inabaki imesimama. Vidole vinajikunja kama vya mtu aliyefua kutwa nzima. Mishipa inalala, na hapo ndipo kazi ya muuguzi ilipo: unapapasa ndani ya kiwiko, hakuna, mguuni, hakuna, unapiga kwa vidole viwili, unafunga mpira, unangoja kitu kinyanyuke chini ya ngozi hata kwa unene wa uzi. Ukiupata, unasukuma kanula, na damu inayoingia kwenye kichumba chake ni nyeusi, nzito, inasita.

Baada ya hapo ni hesabu. Mtu wa kilo 60 aliyekauka kabisa anahitaji lita 6 za maji ya dripu ya Ringer ndani ya saa tatu, karibu lita 2 za kwanza katika nusu saa. Hatukuwa na mafaili. Tulibandika kipande cha plasta kwenye mkono, tukaandika kwa kalamu saa ya chupa ya kwanza, kisha alama moja kwa kila lita. Mtu aliyeletwa akionekana amekufa, kwenye alama ya tatu anafungua macho, kwenye ya tano anauliza viatu vyake viko wapi. Nimeona wahubiri wakubwa viwanjani, sijaona kitu kama hicho. Wasipotibiwa, nusu ya waliozidiwa hufa. Wakitibiwa vizuri, hafi hata mmoja katika 100. Kilichokuwa kinamuua mtu Kibumba ni kukosa maji, chumvi na sukari. Jambo hili lilishajulikana. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, Daktari Dilip Mahalanabis alipungukiwa dripu katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, akawapa wagonjwa maji yenye chumvi na sukari wanywe, na vifo vikashuka kutoka kama 30 katika 100 hadi chini ya 4. Kwa hiyo sikuweza kumuuliza Mungu kwa nini hatoi dawa. Alikuwa ameitoa zamani, na ilikuwa rahisi kuliko soda.

Asubuhi ya kwanza kiongozi wetu, mtu mwema, alitaka tushikane mikono kuzunguka kila mgonjwa aliyefika tumwombee kabla ya kumgusa. Ndivyo tulivyozoea kliniki za kijijini, na huko hakuna ubaya. Pale hemani kulikuwa na mkunga wa Goma, Mbaptisti, mama wa makamo mwenye kitambaa cha njano kichwani, aliyekuwa amefanya kazi wiki nzima kabla yetu na macho yake yalionyesha hivyo. Alitutazama tumefumba macho. Akaniambia bila kupandisha sauti, "Tia maji kwanza, dada. Mungu iko hapa." Kisha akaichukua kanula mkononi mwangu akaiingiza yeye.

Kuanzia siku hiyo tuliomba tukifanya kazi, au hatukuomba. Sijui kama kiongozi wetu alimsamehe.

Jioni ndipo waliimba. Moshi wa kuni zilizokatwa katika hifadhi ya Virunga ulitanda juu ya vibanda hadi usiweze kuona watu, unasikia sauti tu, maelfu. Wakatoliki upande huu, Wapentekoste upande ule, Waadventista wakiwa na siku yao. Makanisa yalikuwa yamejipanga upya kwa wiki chache tu, na kwaya, na wazee, na sadaka. Jioni moja nilikuwa nakwenda kumwaga ndoo kwenye shimo la klorini nikasikia Tukutendereza. Sauti nne, imepangwa vizuri kuliko ilivyopata kuimbwa sebuleni kwa nyanya. Ndugu wa Uamsho walikuwa hapo Kibumba. Nilikuwa nimekuja kuwatafuta, nikawapata, na sikusogea kwenda kuwasalimu.

Maana wakati huo nilishajua tulikuwa na nani. Si wote, na lazima niseme hivyo kwa nguvu: wengi katika kambi ile walikuwa wakulima na watoto wao, waliosukumwa na hofu na amri za viongozi wao. Lakini viongozi hao walikuja nao. Askari wa serikali iliyoshindwa walikuja nao, na vijana wanamgambo wa Interahamwe. Chakula kilipofika kiligawanywa kwa wilaya na tarafa, kwa majina yaleyale ya mamlaka yaliyoendesha mauaji. Aliyesema waziwazi anataka kurudi Rwanda alijihatarisha. Na katika watu wote hao, kwa muda wote niliokaa pale, sikusikia mtu hata mmoja akisema: nilifanya hivi, kwa fulani, siku fulani.

Aliletwa mwanamume mmoja, umri wa baba yangu. Wagonjwa wengine walikuja mgongoni mwa mama au mke. Huyu alibebwa na vijana wanne wenye afya, kwenye blanketi jipya, na watu waliokuwa mlangoni walisogea kabla hawajaambiwa. Alikuwa na saa ya mkanda wa chuma. Mkono ulikuwa umesinyaa kiasi kwamba saa ilikuwa imeteleza hadi karibu na kiwiko. Mkalimani wangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa mkimbizi mwenzao, alimtazama, akasema anakwenda kukagua pipa la maji. Hakurudi mpaka yule mtu alipoondoka.

Nilimvua ile saa nikaiweka mfukoni mwa shati lake. Nikatafuta mshipa nikaupata. Lita ya kwanza, ya pili. Kufikia magharibi alikojoa, na katika kipindupindu mkojo ndio habari njema. Wauguzi hupigana mabega wakiuona. Yule mkunga hakupiga mtu bega. Alibadilisha ndoo.

Asubuhi alikuwa amekaa, amevaa saa yake. Akanishukuru kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili kilichonyooka. Akasema yeye ni mzee wa kanisa, na akaniomba nimwombee. Nilipiga magoti penye mawe. Kwetu, kabla ya kumwombea mtu aliyeomba hivyo, unamuuliza, nami nikauliza kama nyanya angeuliza: "Mzee, kuna neno ungependa kulisema mbele za Mungu?"

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemsaidia mtoto. "Sisi sote ni wenye dhambi, sista," akasema. "Vita ni vita."

Nikamwombea. Sikumbuki nilisema nini.

Mwalimu aliporudi nilimuuliza yule ni nani. Alikuwa anapima klorini kwa kijiko, hakuinua macho. Akasema, "Huyo anayajua majina ya watu wote wa kanisani kwetu. Ungemuuliza wako wapi."

Sina ushahidi wa kumshtaki mtu, na simshtaki. Mwalimu naye huenda alikuwa na yake. Ila jibu la yule mzee limenikalia kuliko maiti zote za barabarani. Lilikuwa jibu sahihi. Mtoto yeyote wa kipaimara angepata alama zote kwa jibu lile. Sote ni wenye dhambi: nililifundisha mwenyewe katika shule ya Jumapili. Pale nililiona likitumika kama blanketi la kujifunika, kubwa, la kutosha watu wote, muuaji na mtu aliyepunja maharagwe, na chini yake huwezi kujua nani ni nani. Ndugu wa Gahini walikuwa wamelijua hilo. Ndiyo maana walidai kikombe kitajwe, na sokoni, na Jumamosi. Nikajiuliza kama katika miaka yote ile ya kulia na kurudisha sufuria kuna aliyewahi kusimama akasema: nacho hiki kitambulisho changu, nimekuwa nikikitumia hivi juu ya jirani yangu. Huenda walikuwepo. Uamsho ulikuwa na Wahutu na Watutsi walioketi pamoja, na mwaka 1994 kulikuwa na waumini waliowaficha wenzao na wakafa nao. Hawakutosha.

Katika kikundi chetu tuligawanyika. Daktari mmoja kijana alisema tunawanenepesha wauaji wakapigane tena, na akaondoka kabla ya wakati. Novemba mwaka huo tawi la Ufaransa la shirika la madaktari la MSF lilijiondoa kambini kwa sababu hiyohiyo, na sijawahi kuwaona kuwa walikosea. Wengine walibaki, na hao pia sijui ningewaambia nini, maana mtoto wa miaka miwili aliyekauka hana chama. Mimi ningempa yule mzee lita sita tena leo. Sisemi hivyo kwa sababu ya upendo, sikumpenda. Nasema kwa sababu najua kinachotokea mganga anapoanza kuchagua.

Hilo nilikuja kulithibitisha gazetini. Mwezi wa Februari 2003 mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimhukumu mchungaji Elizaphan Ntakirutimana miaka 10, na mwanawe, Daktari Gérard Ntakirutimana, miaka 25. Baba aliongoza Kanisa la Waadventista katika eneo la Kibuye. Mwana alikuwa daktari katika hospitali ya misheni ya Mugonero. Watutsi walikuwa wamekimbilia katika kiwanja cha hospitali na kanisa, na wachungaji waliokuwa miongoni mwao walimwandikia barua mkuu wao kumwomba awaombee kwa wenye mamlaka. Walishambuliwa tarehe 16 Aprili 1994. Niliisoma habari hiyo katika chumba cha chai cha wauguzi, nikaisoma tena, nikarudi wodini na sikuzungumza na mtu mpaka zamu ikaisha. Ya Nyange na Ntarama nilikuwa nimekubali kuyajua. Hii ya Mugonero ilikuwa ya nyumbani. Hospitali ya misheni, kama Gahini. Koti jeupe, kama langu.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye Jumapili ya ushuhuda. Ukitumwa na kanisa lazima urudi useme Bwana ametenda nini, na kuna harambee baadaye, kwa hiyo kisa kiwe cha kuinua mioyo. Mchungaji alinitambulisha kama shujaa wa imani. Watu walingoja muujiza. Nilisimama nikaona sina cha kuwaambia kuhusu yule mzee ambacho wangeweza kwenda nacho nyumbani, nikawaeleza jinsi ya kutengeneza maji ya kunywa anayeendesha: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Mchungaji alikohoa. Akina mama wa Mothers' Union walifungua mikoba wakatoa kalamu. Mmoja akauliza kutoka nyuma, kijiko kiwe cha kujaa au cha kusawazishwa? Nikamwambia cha kusawazishwa. Ule ndio ushuhuda wangu mrefu kuliko yote niliyopata kutoa. Mvua za El Niño zilipoleta kipindupindu Kenya mwishoni mwa 1997, wawili kati yao walinisimamisha njiani kuniambia kwamba karatasi bado iko ukutani jikoni. Harambee yenyewe, nasikia, haikufanya vizuri.

Nyanya nilimwendea mwenyewe. Nilimwambia kwamba niliwasikia wakiimba. Akafurahi, kisha akaniona usoni. Nikamwambia yote, na habari ya mzee mwenye saa. Alinyamaza hadi chai ikapoa. Aliposema, alisema jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu aliyeipenda Gahini maisha yake yote: "Basi na sisi hapa tujiangalie. Mbona kwenye ushirika wetu hatujawahi kutubu habari ya makabila?" Ilikuwa 1994. Bonde la Ufa lilikuwa limewaka mwaka 1992, watu wamechomewa nyumba kwa sababu ya majina yao, na sisi tulikuwa tukitubu sufuria. Aliyapeleka maneno hayo kwenye ushirika wiki iliyofuata. Nasikia kulikuwa na ubishi, na ndugu wawili hawakurudi.

Imani yangu haikuvunjika, kama watu wanavyopenda kuuliza, wala haikuimarishwa, kama wanavyopenda kusikia. Ilipungua maneno. Bado naenda kanisani. Katika ibada yetu ya Kianglikana kuna mahali ambapo sote tunapiga magoti na kuungama kwa pamoja, kwa maneno mazuri ya kitabu, na hapo mimi hunyamaza. Sikatai maneno hayo. Huutumia muda huo kutaja vyangu kimoja kimoja, na jina la mtu. Wakati mwingine wenzangu wameshafika kwenye wimbo na mimi sijamaliza wiki. Na mgonjwa akiniomba nimwombee, namwombea, mkono mmoja ukiwa kwenye dripu.

Yule mkunga wa Goma tulibaki tukiwasiliana. Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka na zaha ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ikala sehemu ya uwanja wa ndege, na watu wa Goma kwa malaki wakakimbilia Gisenyi, kwa mpaka uleule, safari hii wakielekea upande wa pili. Alipopata simu ya kuazima alinipigia. Nyumba yake ilikuwa imefunikwa. Zahanati ilikuwa imepona, na wajawazito walikuwa wameanza kurudi hata kabla mawe hayajapoa. Nikamwambia kanisa letu limekuwa likiwaombea kila asubuhi tangu tuliposikia.

"Maombi tuko nayo mingi, dada," akasema. "Tuma glavu. Namba saba."

Nilituma katoni mbili kwa basi la Kampala. Moja ilifika.